Mwili Unaokataa: Historia ya Kipimo Kimoja

Mama mdogo alitoa kikaratasi ndani ya Biblia yake, pale ambapo watu wa kwetu huweka vitu visivyofaa kupotea: vyeti vya kuzaliwa, risiti za shamba, picha za marehemu. Kilikuwa kimekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kuachana. Matokeo ya maabara, mwaka 2009. Juu kulikuwa na jina lake, chini yake neno refu la kidaktari, na mbele ya neno hilo alama ya kujumlisha kwa kalamu nyekundu.

"Wewe si ulisomea mambo ya maabara," akaniambia. "Hebu nisomee."

Nilisomea mwaka mmoja na nusu tu, halafu karo ikakwama nikaacha chuo. Lakini kwa familia yetu hiyo inatosha kabisa kunifanya mtaalamu. Nikasoma. Kikaratasi kilisema kwamba damu yake ilikuwa na kingamwili dhidi ya mbegu za kiume.

Alivyoelezwa siku ile, anakumbuka neno kwa neno: "Mwili wako unakataa mbegu za mzee." Damu ilitolewa kwake. Mumewe hakuombwa chochote, si damu, si shahawa. Kisha wakaambiwa watumie kondomu kwa miezi sita ili mwili wake uzisahau hizo mbegu, halafu wajaribu upya. Mwezi wa tatu mama mkwe akaziona pakiti kwenye takataka. Sasa hebu jiweke pale: mke wa miaka minne, hana mtoto, kila Krismasi anaulizwa habari ya mtoto, na amekutwa na kondomu chumbani. Utaanzia wapi kujieleza? Kufikia 2012 alikuwa amerudi kwao Nakuru na masanduku mawili.

Kikaratasi kilitoka kwenye Biblia mwaka huu kwa sababu ya dada yangu. Ana miaka miwili kwenye ndoa, na amepewa orodha ya vipimo vya damu vya kufanya. Kimojawapo ni hicho hicho. Mama mdogo aliposikia jina lake akanyamaza kidogo, akaenda chumbani. Ndipo nikaanza kutafuta: kipimo hiki kilitoka wapi, na nani wa kwanza alisema mwili wa mwanamke unakataa?

Hadithi inaanza na muuza vitambaa. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, hakuwa na digrii (nampenda kwa hilo), lakini alijua kutengeneza lenzi kuliko maprofesa wa wakati wake. Mwaka 1677 mwanafunzi wa udaktari, Johan Ham, alimletea shahawa za mgonjwa, akidai ameona vijidudu vikiogelea ndani. Leeuwenhoek akaangalia, kisha akaangalia za kwake mwenyewe. Alipoiandikia Royal Society ya London alijihami mapema: alichopima hakikupatikana kwa dhambi, kilikuwa mabaki ya tendo la ndoa halali, na wakiona habari hiyo inachukiza, wasiichapishe. Yaani mtu wa kwanza kuandika kuhusu mbegu za kiume chini ya hadubini alianza kwa kuomba radhi. Aibu hiyo haijawahi kuisha. Ni sehemu ya sababu hadi leo ni rahisi kumtoa mwanamke damu kuliko kumpa mwanamume kikopo.

Turuke hadi Marekani, karne ya 19. Daktari J. Marion Sims anaitwa na wengi baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake. Jina hilo alilijenga huko Alabama kati ya 1845 na 1849, akiwapasua wanawake watumwa tena na tena bila dawa ya ganzi. Majina ya watatu kati yao tunayajua: Anarcha, Lucy na Betsey. Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018. Ila kuna kitu chake kingine ambacho hakikuondolewa haraka hivyo. Miaka ya 1860 alianza kuchunguza wanawake saa chache baada ya kulala na waume zao: anachukua ute wa mlango wa kizazi, anauweka chini ya hadubini, anaangalia kama mbegu ziko hai. Mwaka 1913 Max Huhner akaueneza mtindo huo, na ukaitwa kipimo cha Sims na Huhner. Ulitumika karibu karne nzima.

Angalia kinachopimwa ni cha nani. Mbegu ni za mwanamume, lakini kitanda cha uchunguzi amelazwa mwanamke. Mbegu zikikutwa zimekufa ndani ya ute wake, swali la kwanza linakuwa: ute wake una nini?

Jibu la kisayansi kwa swali hilo likaja kutoka upande mwingine kabisa. Mwaka 1899 watu wawili, kila mmoja kivyake, walidunga wanyama wa maabara mbegu za wanyama wa aina nyingine: Karl Landsteiner huko Vienna na Élie Metchnikoff huko Paris. Damu ya wanyama waliodungwa ikajibu kama ambavyo ingejibu bakteria. Ilitengeneza kingamwili zilizozishambulia zile mbegu. Landsteiner ni yule yule aliyekuja kugundua makundi ya damu, A, B na O, kwa kuangalia damu za watu tofauti zikigandana. Kwa hivyo wazo la damu kukataa kitu kigeni, na wazo la kukiona kitu hicho kikigandana chini ya hadubini, yalikua pamoja kama mapacha.

Mwaka 1900 Sergei Metalnikoff, naye wa Paris, akaongeza jambo la ajabu zaidi: mnyama dume anaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya mbegu zake mwenyewe.

Kwa nini? Hapa nitavaa ile koti yangu ya mwaka mmoja na nusu. Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa ploti aliyejifunza sura za wapangaji zamani, tangu utotoni. Mbegu zinakuja baadaye, mvulana akibalehe. Mlinzi hajawahi kuziona. Kwa hiyo mwili una ukuta ndani ya korodani unaozitenga mbegu na damu ili mlinzi asikutane nazo. Ukuta ukivunjika, kwa jeraha, kwa upasuaji, au mwanamume akifungwa kizazi, mlinzi anaona wageni na kupiga filimbi. Zaidi ya nusu ya wanaume waliofungwa kizazi hupata kingamwili hizi. Mwanamke naye hupokea mamilioni ya mbegu ngeni maisha yake yote, na kwa wengi sana mwili wake hauzifanyi chochote. Ukifikiria vizuri, mwili wa mwanamke ndio mkarimu zaidi katika hadithi hii yote.

Lakini ukarimu huo ulionekana kama mlango wa kuingilia. Kama mnyama akidungwa mbegu anazikataa, kwa nini mwanamke asidungwe ili asipate mimba? Mwaka 1932 daktari Morris Baskin wa Denver alichapisha taarifa ya wanawake 20 aliowadunga mbegu za kiume kama njia ya kupanga uzazi, akisema kwa muda hawakushika mimba. Njia hiyo haikuenda mbali. Wazo ndilo lililobaki: mwanamke anaweza kuwa na kinga dhidi ya mumewe, kama vile mtu aliyechanjwa ana kinga dhidi ya ndui.

Sasa fika mwaka 1954. Hapa ndipo hadithi ingeweza kugeuka. Philip Rümke huko Uholanzi na Leo Wilson huko Marekani, bila kushirikiana, waliwachunguza wanaume wasiozaa wakakuta damu zao zenyewe zinagandisha mbegu zao zenyewe. Kile ambacho Metalnikoff alikiona kwa wanyama kilikuwepo kwa binadamu. Mke hakuhusika kabisa. Ukiuliza ushahidi mzito wa kwanza wa kingamwili hizi kwa watu wasiozaa ulipatikana wapi, jibu ni kwa wanaume.

Miaka kumi baadaye, 1964, madaktari wawili wa Marekani, Franklin na Dukes, wakarudisha macho kwa wanawake. Walichukua damu ya wanawake walioshindwa kushika mimba bila sababu yoyote kuonekana, wakaichanganya na mbegu, wakaripoti kwamba nyingi ziligandana. Tiba waliyopendekeza? Kondomu, au kutolala pamoja, kwa miezi kadhaa hadi kingamwili zipungue. Baadhi ya wanawake hao walishika mimba baadaye.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Miezi sita ya mama mdogo, kondomu za mama mkwe, kesi nzima ya familia: ilikuwa imeandikwa mwaka 1964, kabla yeye hajazaliwa.

Na si ati watu walikuwa wabaya. Nadhani nawaelewa. Daktari ana mbele yake mume na mke, amepima kila kitu anachojua kupima, kila kitu kiko sawa, na mtoto hayuko. Kusema "sijui" ni kugumu kwa aliyelipwa ili ajue. Kisha kikaja kipimo kinachotoa jibu, tena jibu linaloonekana kwa macho na lenye tiba ambayo duka lolote la dawa linauza. Nani angekikataa?

Shida ni kwamba wengine walipoanza kupima wanawake ambao si wagonjwa, damu zikagandisha mbegu vilevile. Wanawake wenye watoto. Wajawazito. Hata wasichana ambao hawajawahi kulala na mwanamume, ambao huwezi kusema wamezikataa mbegu za mtu. Kumbe ndani ya damu kuna vitu vingine visivyo kingamwili vinavyoweza kufanya mbegu zishikane. Kipimo kilikuwa kinaona mgandano na kuuita ugomvi. Na wale walioshika mimba baada ya kondomu? Watu wawili wenye afya, waliokaa muda bila mtoto, wengi wao hupata mimba wakipewa muda zaidi, na kondomu au bila. Bila kundi la kulinganisha, huwezi kujua ni tiba au ni kalenda.

Wanasayansi wenyewe waliliona hilo wakatafuta vipimo bora. Mwaka 1968 Shinzo Isojima wa Japani alitengeneza kipimo kinachoangalia kama damu ya mwanamke inazizuia mbegu kusogea, badala ya kuzigandisha tu. Hicho kilikuwa makini zaidi, na kilipunguza sana idadi ya wanawake waliosemwa wana tatizo. Huko Groningen, Uholanzi, Kremer na Jager wakachanganya mbegu na ute wa mlango wa kizazi mwaka 1976 na kuona kitu kizuri kukitazama, kibaya kukiishi: mbegu zenye kingamwili zikigusa ute hazifi wala haziendi, zinatetemeka papo hapo. Mfano wake ni mathree iliyozama kwenye matope. Injini inanguruma, magurudumu yanazunguka, abiria wamekaa, na gari haliendi popote.

Mwaka 1978, kikundi hichohicho cha Groningen kikatoa kipimo ambacho kwa umbo lake kinatumika mpaka leo. Kinaitwa MAR. Unachukua shahawa mbichi ya mwanamume, unachanganya na chembe nyekundu za damu zilizopakwa kingamwili, kisha unaweka kiungo kinachoshika kingamwili yoyote kinayoipata. Kama mbegu zina kingamwili juu yake, kile kiungo kinazifunga pamoja na chembe za damu, na chini ya hadubini unaona mbegu zinaogelea zikiwa zimeburura mizigo. Kama hazina, zinapita huru. Siku hizi vijishanga vya mpira hutumika badala ya chembe za damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Bronson wa Marekani alitumia vijishanga kama hivyo kuonyesha hata kingamwili zimeshika sehemu gani ya mbegu, kichwa au mkia.

Umeona kilichobadilika? Kipimo cha 1964 kiliuliza damu ya mwanamke inafanya nini ikikutana na mbegu. Kipimo cha 1978 kinaziuliza mbegu zenyewe zimebeba nini, na mwenye mbegu ndiye anayeleta kikopo. Hivi ndivyo vipimo vilivyoingia kwenye kitabu cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani, WHO. Kwa miaka mingi kipimo hicho kilisomwa hivi: asilimia 50 au zaidi ya mbegu zinazosogea zikiwa zimeshikwa, hapo panaweza kuwa na tatizo.

"Panaweza." Rümke aliendelea kuwafuatilia wanaume wake kwa miaka, na mwaka 1974 aliripoti walivyoendelea. Kadiri kingamwili zilivyokuwa nyingi, ndivyo nafasi ya kupata mtoto ilivyopungua. Lakini wapo waliozaa. Haikuwa hukumu hata kwa wale waliokuwa nazo kweli.

Basi na tiba? Miaka ya 1970 na 1980 wanaume walipewa steroidi kwa dozi kubwa ili kuituliza kinga. Majaribio yakagongana: moja likasema zinasaidia kidogo, lingine likasema hazina tofauti na vidonge bandia. Madhara ndiyo hayakugongana, na miongoni mwake ni mfupa wa nyonga kufa. Mwanamume anaingia hospitali akitafuta mtoto, anatoka na mkongojo.

Kisha 1992, huko Brussels, Gianpiero Palermo na wenzake wakatangaza mimba zilizotokana na kuidunga mbegu moja moja kwa moja ndani ya yai kwa sindano nyembamba. Mbegu haihitaji tena kuogelea wala kupita kwenye ute. Hata iwe imebeba mizigo gani, inabebwa hadi mlangoni. Kingamwili zikawa kizuizi kinachoweza kurukwa, kwa mwenye pesa. Kwetu, watoto wa kwanza waliotungwa nje ya mwili walizaliwa Nairobi mwaka 2006, na mpaka leo gharama ni mamia ya maelfu ya shilingi.

Kwa sababu ya yote haya, kipimo kimekuwa kikirudishwa nyuma ya foleni kimyakimya. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza ulisema mwaka 2004 kwamba wanaotafuta mtoto wasipimwe kingamwili hizi kama desturi, kwa kuwa hakuna tiba iliyothibitishwa kuongeza nafasi yao. Kile kipimo cha Sims cha kumchunguza mwanamke baada ya tendo nacho kikaambiwa kipumzike. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2020 unasema kingamwili zisiwe kwenye uchunguzi wa mwanzo wa mwanamume. Na toleo la 2021 la kitabu cha WHO limekihamisha kipimo hiki kutoka vipimo vya kawaida hadi vya ziada, vya kufanywa pale penye sababu maalum.

Soma tena tarehe. Mama mdogo alitolewa damu mwaka 2009. Mwongozo wa Uingereza ulikuwa na miaka mitano. Kipimo bora cha Groningen kilikuwa na miaka 31. Ushahidi wa Rümke na Wilson kwamba mwanamume anaweza kubeba kingamwili dhidi yake mwenyewe ulikuwa na miaka 55. Habari husafiri polepole sana zikiwa zinamtaka mwanamume naye apimwe.

Na hili si la wazungu tu wala la maabara tu. Sikiliza Kiswahili chetu. Neno tasa ukilitaja, sura inayokuja ni ya mwanamke. Mgumba inaweza kuwa yeyote, lakini ni nani mtaani uliwahi kusikia mwanamume ameitwa hivyo mbele ya watu? Kwa makadirio ya WHO ya 2023, mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la kupata mtoto maishani, na upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya kesi. Karibu nusu. Kipimo rahisi kabisa cha kuanzia, cha kuhesabu mbegu na kuangalia zinavyosogea, hakina sindano, hakina kitanda, na ni bei nafuu kuliko vingi kwenye orodha ya dada yangu.

Haya yote nilimweleza mama mdogo jikoni kwake, sufuria ya githeri ikichemka. Nilijaribu kuongea polepole, nikaruka majina ya Wajerumani na Waholanzi. Aliponisikia mpaka mwisho akauliza, "Kwa hivyo ilikuwa nini?"

"Haijulikani, mama. Hicho kikaratasi hakiwezi kusema. Yeye hakupimwa."

"Hata kama nilikuwa nazo?"

"Hata kama ulikuwa nazo."

Akageuza githeri. Nilidhani atalia au atakasirika, na sikujua ningefanya nini. Akasema tu, "Basi hiyo 'haijulikani' wangenipa wakati ule. Ningeibeba. Hii ingine ndiyo nilishindwa kubeba." Kisha akanitaka nimpigie dada yangu simu pale pale, na yeye ndiye aliyeongea. Sikusikia upande wa pili. Upande huu nilisikia sentensi moja ikirudiwa mara tatu: "Aende yeye kwanza."

Sitakudanganya kwamba shemeji alifurahi. Alisema ana kazi. Akasema kwao hakuna mtu mwenye shida hiyo. Wiki mbili zikapita. Mimi nilimtumia ujumbe mmoja tu, swali ambalo natamani kila mtu angeliuliza kabla ya kulipia kipimo chochote: matokeo haya yakitoka, yatabadilisha nini? Kwa kile kipimo cha damu cha dada, daktari wao mpya alijibu kwa uaminifu: kwa sasa, hakuna. Kwa kikopo cha shemeji, alisema, karibu kila kitu.

Ijumaa iliyopita akaenda. Maabara ilimruhusu akusanye nyumbani, mradi sampuli ifike ndani ya saa moja na isipoe. Akaiweka ndani ya koti, kifuani, na akachukua boda kwa sababu foleni ya Jogoo Road haijui habari ya saa moja. Dada yangu anasema alifika na dakika kumi za ziada, na kwamba njiani kote alishikilia koti kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba kifaranga.

Matokeo ni Jumatatu. Mama mdogo ameshapiga simu mara mbili kuuliza.